Shukrani za Mchele Mpya

Msikilizaji wangu, katika nyumba nyingi maziwa yakifurika jikoni kuna mtu atasemwa. Aliyeachiwa kuyaangalia ataulizwa macho yake alikuwa ameyapeleka wapi. Sasa wako watu kusini mwa India, mamilioni kwa mamilioni, ambao siku moja katika mwaka huamka alfajiri ili wayangoje maziwa yafurike. Wanakizunguka chungu: baba, mama, bibi, watoto waliotolewa kitandani na kuogeshwa kabla hawajafumbua macho vizuri. Povu linapanda, linafika shingoni mwa chungu, linamwagika motoni, na hapo nyumba nzima inapaza sauti: “Pongalo Pongal!” Yasipofurika ndipo watu huangaliana.

Hiyo ndiyo Pongal, sikukuu ya mavuno ya Watamil, na ndiyo ninayotaka tuizungumze leo. Sisi huku Afrika Mashariki tukisikia sikukuu ya Wahindi, akili inakimbilia Diwali. Si ajabu, maana Wahindi wengi waliohamia kwetu asili yao ni Gujarat na Punjab, kaskazini na magharibi. Watamil ni watu wa kusini kabisa, wa jimbo la Tamil Nadu, na ng'ambo ya maji wako kaskazini na mashariki mwa Sri Lanka. Lugha yao si ndugu ya Kihindi wala ya Kigujarati. Ni ya ukoo wa Kidravidi, na imekuwa ikiandikwa kwa zaidi ya miaka 2,000. Diwali wanaisherehekea, tena kwa fataki za kutosha. Lakini ukimuuliza Mtamil wa kijijini ni sikukuu ipi hawezi kuikosa nyumbani kwa wazazi wake, atakwambia Pongal.

Tuanze na upepo, maana upepo huu tunaujua. Sehemu kubwa ya India hupata mvua zake kuanzia Juni hadi Septemba, pepo zikitoka kusini magharibi. Tamil Nadu wakati huo iko mgongoni mwa safu ya milima ya Ghats Magharibi, na milima inazichukua mvua zile kwa upande wake wa pili. Watamil wanatazama tu mawingu ya jirani. Zamu yao inafika Oktoba, pepo zinapogeuka na kuanza kuvuma kutoka kaskazini mashariki. Zinapita juu ya Ghuba ya Bengal, zinajaa unyevu, na zinaumwaga pwani ya Tamil Nadu hadi Desemba. Na pepo hizo ni za mfumo uleule unaotuletea sisi kaskazi, iliyokuwa ikiwasukuma mabaharia na majahazi yao kutoka Arabuni na India hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Kwetu kaskazi ni joto la Januari na bahari ya kusafiria. Kwao ni mpunga.

Mpunga wenyewe hasa ni wa delta ya mto Kaveri, kuzunguka mji wa Thanjavur. Hapo ndipo penye Kallanai, kizuizi cha mawe cha kugawa maji ya mto ambacho mapokeo yanasema kilijengwa na mfalme Karikala wa ukoo wa Chola yapata miaka 2,000 iliyopita, na hadi leo maji yanapita hapo kwenda mashambani. Hapo pia ndipo penye hekalu kuu la Thanjavur, lililokamilika mwaka 1010, na sidhani kama mfalme angeweza kulisha waashi wote wale bila mabonde ya mpunga nyuma yake. Msimu mkuu wa huko unaitwa samba. Mbegu zinakwenda kitaluni kuanzia Agosti, miche inahamishwa na wanawake walioinama kwenye matope, mvua za Oktoba na Novemba zinaijaza, na Januari mashuke yanainama. Ndipo mtu anakata mavuno ya kwanza, anapura, anakoboa, na kabla hajaupika mchele huo kwa ajili ya tumbo lake anautoa kwanza kwa jua.

Watamil wana msemo kwamba mwezi wa Thai ukizaliwa, njia nayo inazaliwa. Thai ni mwezi unaoanza katikati ya Januari, na siku yake ya kwanza ndiyo Pongal. Huangukia tarehe 14 au 15. Madeni yanalipwa mwezi huo, harusi zinapangwa mwezi huo, kijana aliyekosa kazi anaambiwa avumilie hadi Thai. Ukitazama vizuri ni msemo wa mkulima: njia inazaliwa kwa sababu ghala limejaa.

Na hapa kuna jambo la kalenda linalonifurahisha sana, mnivumilie kidogo. Diwali hufuata mwezi, kwa hiyo inatangatanga kati ya Oktoba na Novemba. Pongal hufuata jua. Ni siku ambayo jua linahesabiwa kuingia kwenye kundi la nyota la Makara, na wenyewe wanasema ndipo jua linapoanza safari yake ya kuelekea kaskazini, miezi sita ya heri. Mwanafunzi wa jiografia atainua mkono hapo. Atasema jua hugeuka tarehe 21 au 22 Desemba, si katikati ya Januari. Naye yuko sahihi. Lakini wazee waliopanga kalenda hawakuwa wamekosea. Walipima jua kwa nyota lilizosimama kwazo. Mhimili wa dunia nao huyumba polepole, mzunguko mmoja kwa karibu miaka 26,000, kwa hiyo kila baada ya miaka kama 70 siku ya nyota inaachana na siku ya jua kwa siku moja zaidi. Ukirudisha hesabu nyuma, siku hizo mbili zilikutana miaka takribani 1,700 iliyopita. Yaani sikukuu imebaki na nyota, jua limeendelea na safari zake, na mpunga haujali, kwa sababu katikati ya Januari ndiyo umeiva.

Sikukuu ni ya siku nne. Ya kwanza, Bhogi, nitaipita haraka. Ni siku ya kutoa vya zamani: mikeka iliyochakaa, vikapu, matambara, fagio zilizokwisha, vyote vinachomwa kabla ya mapambazuko huku watoto wakipiga vigoma vidogo. Nyumba inapakwa chokaa. Kijijini, mkeka wa ukindu ukiungua hakuna anayeumia. Mjini Chennai ni habari nyingine, kwa sababu vitu vya zamani siku hizi ni matairi na plastiki, na moshi wake ukichanganyika na ukungu wa Januari mji unakohoa. Kila mwaka mamlaka ya mazingira inawasihi watu wasichome. Mwaka 2018 moshi wa Bhogi ulizuia ndege kutua katika uwanja wa Chennai, abiria wakapelekwa miji mingine.

Siku ya pili ndiyo yenyewe. Kabla hata ya chungu, kuna kizingiti. Mwanamke wa nyumba anafagia mbele ya mlango, ananyunyiza maji, kisha anachukua unga wa mchele kati ya kidole gumba na cha shahada na kuanza kuudondosha chini kwa mstari mwembamba. Anaweka nukta kwanza, safu kwa safu, halafu mstari unazizunguka nukta bila kukatika hadi unarudi ulipoanzia. Hiyo ndiyo kolam. Nyumba nyingi huichora kila siku, lakini ya Pongal inaweza kuziba njia nzima, na majirani wanaitazama kwa jicho lisilo na huruma. Unga wa mchele una sababu yake: sisimizi na ndege watakula. Kwa hiyo wa kwanza kulishwa siku ya Pongal ni sisimizi. Siku hizi wengi hutumia unga wa mawe, kwa kuwa ni rahisi na unang'aa zaidi. Sisimizi hawakuulizwa.

Chungu kinawekwa nje, uani au barabarani mbele ya nyumba, pale jua litakapokipata. Mafiga matatu, au matofali, na kuni. Chungu ni kipya, cha udongo, na shingoni kimefungwa mche mzima wa manjano, majani na mizizi yake, na pengine tangawizi mbichi pia. Pembeni miwa mirefu imesimamishwa na kufungwa juu kama mlango. Maziwa yanatangulia. Yakishafurika na watu wakishapiga kelele, unatiwa mchele mpya uliooshwa pamoja na choroko zilizokobolewa, na baadaye sukari guru iliyoyeyushwa, isiyopungua kiasi cha mchele wenyewe. Mwishoni inakuja samli, na mtu mwenye mkono mwepesi wa samli siku hiyo hasifiwi. Katika samli hiyo hukaangwa zabibu na korosho, iliki inapondwa juu, basi. Upo pia upishi wa chumvi, wa pilipili manga, bizari nyembamba na tangawizi, na mimi kwa ulimi wangu naupendelea huo, lakini unaotolewa kwa jua ni wa utamu.

Umesikia vitu hivyo, msikilizaji? Choroko, samli, iliki, sukari guru. Hakuna hata kimoja kitakachokusumbua sokoni Kariakoo au Marikiti. Korosho ndizo zina hadithi ya kuchekesha. Mkorosho si mti wa India wala si wetu. Wareno waliutoa Brazili na kuupanda pwani zote mbili. Tanzania leo huuza sehemu kubwa ya korosho zake zikiwa ghafi, na India ni mmoja wa wanunuzi wakubwa, nyingine zikishushwa katika bandari ya Tuticorin, ndani ya Tamil Nadu kwenyewe. Kwa hiyo huenda korosho iliyo juu ya chungu cha Mtamil ilikaushwa na jua la Masasi.

Mjini mambo yamebanana. Katika ghorofa huwezi kuwasha kuni kwenye korido. Watu wanapikia gesi, kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu, mche wa manjano umefungwa shingoni vilevile. Wengine wanatumia jiko la presha, ila jiko la presha halifuriki, kwa hiyo inabidi maziwa yachemshwe pembeni kwanza, yafurike kwa utaratibu, ndipo mapishi yahamie kwenye presha. Nimeona hilo ni suluhisho la heshima.

Sasa hebu tuangalie ni nani hayupo kwenye picha hii. Hayupo kuhani. Anayeongoza ibada ni mama mwenye mwiko. Sanamu si lazima, kwa sababu anayeshukuriwa yuko juu, kila mtu anamwona. Wahindu wanamwita Surya, wanawasha taa na kuvunja nazi mbele yake, wamejipaka majivu kwenye paji la uso, na hakuna shaka kwamba kwao hiyo ni ibada. Lakini sikukuu isiyohitaji hekalu wala kuhani ni rahisi kuchukuliwa na wengine, na Pongal imechukuliwa. Periyar, yaani E. V. Ramasamy, aliyeanzisha vuguvugu la kujiheshimu mwaka 1925, alikuwa mkana Mungu asiyeficha. Diwali aliipinga hadharani. Pongal aliikubali, akisema ni ya wakulima wa Kitamil. Vyama vya siasa vilivyozaliwa na fikra zake viliitawala Tamil Nadu kwa miongo mingi kuanzia mwaka 1967, navyo vimeifanya Pongal kuwa sikukuu ya Utamil. Makanisa ya Kikatoliki hupika Pongal uwanjani, msalaba ukiwa umechorwa katikati ya kolam. Wapo Wahindu wanaokasirika kusikia ikiitwa sikukuu isiyo ya dini.

Ubishi huo ulifika hadi bungeni. Mwaka 2008 serikali ya jimbo chini ya M. Karunanidhi ilipitisha sheria kwamba mwaka mpya wa Kitamil uanze siku ya Pongal, badala ya katikati ya Aprili kama ilivyozoeleka. Mwaka 2011 Jayalalithaa, mpinzani wake mkubwa, akarudi madarakani, akaifuta, mwaka mpya ukarudi Aprili. Miaka mitatu watu walitakiana heri ya mwaka mpya kwa kufuata chama. Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zinamsahau mama mwenye mwiko, ambaye hakuwahi kuambiwa achague kati ya dini na kabila kabla ya kuweka chungu motoni.

Siku ya tatu ni ya ng'ombe, na kwangu hii ndiyo siku nzuri kuliko zote. Asubuhi wanapelekwa mtoni au bwawani, wanasuguliwa. Pembe zinapakwa rangi, za buluu, nyekundu, kijani; na kwa kuwa hakuna kitu Tamil Nadu kisichoguswa na siasa, utakutana na pembe zilizopakwa rangi za chama. Wanavishwa mashada ya maua na kengele, wanapakwa manjano kwenye paji, na wanalishwa Pongal ileile, kwa mkono, kabla ya watu. Hakuna kazi siku hiyo. Wenyewe wana hadithi ya sababu. Mungu Shiva alimtuma fahali wake duniani awaambie watu waoge kwa mafuta kila siku na wale mara moja kwa mwezi. Fahali alipofika ujumbe ukampindukia kichwani, akawaambia wale kila siku na waoge kwa mafuta mara moja kwa mwezi. Shiva akakasirika: kama watu watakula kila siku, nani atalima chakula chote hicho? Wewe. Nenda ukavute plau. Kwa hadithi hiyo, kila sahani ya wali ni deni la binadamu kwa ng'ombe.

Deni lenyewe sasa linalipwa kwa nani? Trekta zimeingia delta, na mashine za kuvuna. Maksai wamepungua. Basi siku ya tatu wenye trekta wanaziosha, wanazivisha mashada, wanazipaka manjano kwenye boneti. Usicheke. Plau na mundu nazo zilikuwa zikifanyiwa hivyo tangu zamani.

Siku hizohizo za Pongal ndizo zenye jallikattu. Karibu na Madurai, katika vijiji vya Avaniyapuram, Palamedu na Alanganallur, fahali mwenye nundu anaachiwa kupitia lango jembamba, na vijana wanamrukia. Hapigwi mkuki wala hauawi. Kijana anatakiwa aikumbatie nundu, aning'inie hapo kwa umbali uliowekwa au fahali aruke mara tatu, ndipo ahesabiwe mshindi. Fahali asiyeshikika anakuwa na jina kijijini, na watu wanaleta mitamba yao kwake. Msikilizaji wa Pemba ananielewa upesi, maana mchezo wa ng'ombe wa kwao nao haumwagi damu ya mnyama, ila ule wa Pemba ng'ombe ana kamba, na huyu wa Madurai hana.

Watu hufa kwenye mchezo huu, karibu kila mwaka, na mafahali pia wamekuwa wakitendewa ukatili: kupondwa mikia, kutiwa pilipili machoni, ili watoke langoni na hasira. Kwa sababu ya ukatili huo Mahakama Kuu Kabisa ya India iliupiga marufuku tarehe 7 Mei 2014. Januari 2017 vijana wakajaa ufukwe wa Marina mjini Chennai, usiku na mchana, wengi wao wa vyuo na wa kampuni za kompyuta, ambao hawajawahi kushika mkia wa ndama. Kwao fahali alikuwa ametoka kuwa mnyama, amekuwa bendera. Serikali ya jimbo ikatoa amri ya haraka kisha sheria ya kuuruhusu mchezo kwa masharti, polisi wakautawanya ufukwe kwa virungu tarehe 23 Januari, na mwaka 2023, tarehe 18 Mei, mahakama ileile ikaikubali sheria hiyo. Mimi simo upande wa waliotaka mchezo ufe. Wafugaji wanasema bila jallikattu hakuna atakayemlisha fahali wa asili, kama wale wa Pulikulam, mwaka mzima bila kumvutisha chochote, na hoja hiyo ina uzito. Ila ya pilipili machoni hainipiti kooni.

Siku ya nne ni ya kutembeleana. Kunguru nao wanawekewa matonge ya wali wa rangi juu ya majani ya manjano, na dada wanawaombea kaka zao. Mjini, familia zinamiminika Marina na Mamallapuram na vyakula vyao kwenye vyombo, polisi wakitumia vipaza sauti kutafutia watoto waliopotea wazazi wao. Wengine wako sinema, kwa sababu filamu kubwa za Kitamil hungojea wiki hii. Januari 2023 filamu za waigizaji Vijay na Ajith zilitoka siku moja, tarehe 11, na mashabiki wa kila upande walimwagia picha kubwa ya mtu wao maziwa. Maziwa tena.

Lakini kutembeleana kwa siku hizi kuna sura ya zamani ambayo haisemwi sana. Katika vijiji vya delta, vibarua wa mashamba walikuwa wanakwenda kwa mwenye shamba wakati wa Pongal kupokea nguo na mpunga. Walisimama uani, hawakuingia ndani. Walikuwa wa jamii zilizoitwa zisizogusika, ambazo leo zinajiita Dalit, nao ndio walioipandikiza miche ile, walioipalilia, walioikata na kuipura. Tumewasikia sisimizi wakishukuriwa, jua, ng'ombe, kunguru, plau, hata trekta. Kibarua yeye alipewa zawadi, na zawadi hutolewa na mwenye mali kwa hiari yake.

Mwaka 1968 vibarua wa wilaya ya Thanjavur walikataa kungoja hiari. Walijiunga na chama cha wafanyakazi kilichoongozwa na wakomunisti, wakadai nyongeza ya kipimo cha mpunga katika ujira wa mavuno. Kipimo kidogo tu. Wenye mashamba wakaunda umoja wao, wakaleta vibarua kutoka nje. Usiku wa tarehe 25 Desemba, katika kijiji cha Kilvenmani, watu wa wenye mashamba walivamia makazi ya Dalit. Wengi waliokimbia walikuwa wanaume. Wanawake, watoto na wazee walijibanza katika kibanda kimoja, kikachomwa moto. Walikufa watu 44. Baadaye wenye mashamba walishitakiwa, wakatiwa hatiani, kisha Mahakama Kuu ya Madras ikawaachia huru, ikiona ni vigumu kuamini kwamba watu matajiri vile, wenye magari, wangetembea kwa miguu wenyewe hadi kwenye kibanda.

Kutoka Kilvenmani hadi Pongal iliyofuata zilipita siku 20. Na tarehe 14 Januari 1969, ndipo jimbo lililokuwa likiitwa Madras lilipopewa rasmi jina la Tamil Nadu, nchi ya Watamil, kwa shangwe kubwa. Tarehe hizo mbili kwa kawaida zinafundishwa katika vitabu tofauti. Mwaka huohuo wa 1969 ikapitishwa sheria ya ujira wa haki kwa vibarua wa mashamba ya Thanjavur, ikiweka kipimo cha mpunga anachostahili mvunaji. Kila Desemba watu hukusanyika Kilvenmani kwenye mnara wa kumbukumbu.

Mambo yamebadilika, sitaki mtu aseme nimewaacha mwaka 1968. Watoto wengi wa vibarua wale wako Tiruppur wanashona fulana, wako Chennai kwenye ujenzi, wanarudi kwa mabasi ya ziada yanayowekwa wiki ya Pongal. Serikali ya jimbo hutoa kifurushi cha sikukuu katika maduka ya mgao: mchele kilo moja, sukari kilo moja, na muwa. Shuka za kiume na sari hugawiwa pia. Miaka mingine kinaongezwa na fedha. Mwaka 2021, mwaka wa uchaguzi, zilikuwa rupia 2,500 kwa kaya, na mwaka 2024 zilikuwa 1,000. Vyama vinashindana kwenye hilo. Kinachonigusa ni kwamba kifurushi hicho, hata kikiwa na harufu ya kura, mtu anakidai kwa kadi yake dirishani. Hasimami uani kwa mtu.

Watamil wengine walikwenda mbali zaidi. Kuanzia miaka ya 1820 Waingereza waliwapeleka maelfu yao, wengi wakiwa wa tabaka hizohizo za chini, kwenye milima ya Sri Lanka, kwanza kwa kahawa, na kahawa ilipougua kutu ya majani wakahamishiwa kwenye chai. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1948, sheria ya uraia ikawaacha nje. Mwaka 1964 India na Sri Lanka zilikubaliana kuwagawana: watu 525,000 wapelekwe India, 300,000 wabaki, wengine wangojee mazungumzo. Walikaa hivyo, wengine bila nchi, hadi sheria ya mwaka 2003 ilipowamalizia tatizo hilo waliobaki.

Nao wanapika Pongal. Ni siku ya mapumziko kwa Sri Lanka nzima. Mbele ya nyumba zao za mabehewa, chumba kwa chumba chini ya paa moja refu, wanachora kolam, wanasimamisha chungu, wanalishukuru jua kwa mavuno, ingawa mavuno ya pale ni majani ya chai ya kampuni na wao hawajapanda hata mche mmoja wa mpunga. Mwaka 2021, baada ya miaka ya migomo na maandamano, bodi ya mishahara ya serikali ilipandisha ujira wao ukafika rupia 1,000 za Sri Lanka kwa siku. Kampuni zikaenda mahakamani kupinga, zikisema biashara ya chai haiwezi kubeba gharama hiyo. Mwaka uliofuata uchumi wa nchi ukaporomoka, bei ya vyakula ikapanda kwa kasi, na ile 1,000 iliyopiganiwa miaka yote ikawa hainunui ilichokuwa inanunua siku ilipotangazwa. Mchele wa kutia chunguni wao huununua dukani kwa kilo, kwa hiyo ujazo wa chungu cha mwaka huo uliamuliwa na mwenye duka.